Ampu Isiyoachika

Kabla hujaanza kunionea huruma au kunitafutia mchungaji, jua kwamba pombe sinywi, bangi sijawahi kuvuta, na kila asubuhi saa moja unusu unanipata kwenye godauni ya vigae hapa Mlolongo nikipokea mizigo. Haya ninayokueleza yalinipata mwaka jana, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote. Ukitaka kuamini, amini. Ukikataa ni sawa, lakini usije kusema hukuambiwa.

Mimi hupiga metal. Najua unachofikiria. Jirani yangu wa mlango wa pili, Mama Faith, hufikiria hivyo hivyo. Ameshaniletea vikaratasi vya mkutano wa injili mara tatu. Metal ni ule muziki wa gita zinazonguruma, ngoma za kupigwa kwa miguu yote miwili, na mtu anayeimba kama anafukuza fisi bomani. Kaunti nzima nilijua watu wanne tu wanaoupenda, mimi nikiwemo, na sisi wanne ndio tulikuwa bendi. Mpiga ngoma akaenda Qatar kulinda mlango wa hoteli. Mpiga besi akaokoka. Mwimbaji akaoa, mke akamwambia achague, naye akachagua. Nikabaki mimi na gita langu kwenye chumba kimoja ghorofa ya nne, nikipiga kwa hedifoni ili keateka asinifukuze.

Upweke wa aina hiyo unachekesha watu, kwa hivyo hausemwi. Kazini kuna watu, kwenye ngazi kuna watu, mnaambiana niaje, poa, na hakuna hata mmoja unayeweza kumwambia ni kitu gani kilikufurahisha jana. Ikifika saa moja jioni unafunga mlango na hakuna anayebisha mpaka asubuhi. Miaka minne niliishi hivyo.

Nilichokuwa nacho ni kuchagua. Nilikuwa nataka ampu yangu mwenyewe, lile sanduku la kukuza sauti ya gita, ya metal kweli kweli, na miaka miwili nzima nilikuwa naichagua. Kila jioni niko kwenye simu nikitazama watu wakilinganisha. Nichukue ile ya taa, yenye vichupa vya kioo ndani vinavyowaka rangi ya chungwa, au kisanduku cha kidijitali kinachoiga sauti mia? Gein kiasi gani? Gein ndiyo ule ukali, kule kukwaruza kunakofanya gita liache kulia lianze kunguruma. Na pedali je, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti? Orodha yangu ilikuwa imefika pedali sita. Nafikiri sikutaka kumaliza kuchagua, kwa sababu nikimaliza ningefanya nini jioni?

Ndipo nikaona tangazo kwenye kikundi cha kuuziana vyombo vya muziki. Ampu ya taa, nzuri kwa metal, imetumika kidogo, bei tutaelewana. Picha ilikuwa moja, na kwenye picha kulikuwa na mkono umeshika mpini. Nikaandika kwamba naitaka. Muuzaji akajibu papo hapo na swali moja tu, eti naishi na nani. Nikasema naishi peke yangu. Akasema basi ataileta mwenyewe.

Alikuja Jumapili mchana, majirani wakiwa kanisani. Nilimngoja kwenye ngazi nikimsikia akipumzika kila ghorofa. Alikuwa mtu wa miaka kama thelathini na tano, mwembamba, ameibeba ampu kwa mkono wa kushoto, na bega la upande huo lilikuwa limeshuka kuliko lingine. Kitu cha kwanza nilichokiona ni shati lake. Mkono wa kushoto wa shati ulikuwa umepasuliwa kuanzia begani mpaka kwenye kiganja, ukashonewa vifungo mstari mzima, na vyote vimefungwa vizuri. Nikadhani ni mtindo. Sisi watu wa metal tuna mambo yetu.

"Naitwa Musembi," akasema.

Niliinama nikashika ampu kwa chini nimsaidie. Nakwambia haikuwa na uzito wowote. Kikapu cha sukuma ni kizito kuliko ile ampu. Lakini yeye jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni, na miguu inamtetemeka.

"Wacha tu," akasema. "Mimi nimezoea."

Akaingia, akaiteremsha sakafuni, akakaa chini kando yake. Mkono ukabaki kwenye mpini. Sikujali. Nilichokuwa nakiona mimi ni ampu.

Nikachomeka gita nikafanya kile ninachofanya siku zote. Gein mpaka mwisho, besi juu, sauti nyembamba juu, zile za kati nikazitoa zote. Muulize mpiga metal yeyote wa chumbani, atakwambia hivyo ndivyo tunavyopenda, maana ukiwa peke yako inasikika kubwa kama lori la mawe linateremka mlima. Nikapiga kidogo, kisha nikamtazama nikingoja sifa.

"Ni tamu," Musembi akasema. "Sasa leta ngoma na besi hapo katikati. Hutajisikia tena."

"Sina mpiga ngoma."

"Chagua kama mtu aliye na mwenzake."

Akanyoosha mkono wa kulia akaanza kuzungusha vitufe. Gein akairudisha chini ya nusu, besi akaipunguza, sauti za kati akazipandisha. Akaniagiza nilete pedali yangu ya overdrive, akaiweka kati ya gita na ampu, lakini ukali wake akauweka sifuri na sauti yake juu kabisa. Akasema hiyo si ya kuongeza kelele, ni ya kubana, ili nyuzi nene zisitapakae. Akataka pia ile ya kunyamazisha mvumo ukiacha kupiga. "Hizo mbili zimetosha," akasema. "Zile zingine zote kwa orodha yako ni za kukupotezea jioni."

Sikuwa nimemwambia habari ya orodha. Nilipomuuliza amejuaje, akasema hata yeye alikuwa nayo.

Nikapiga tena. Sijui nikuelezeje. Ilitoka kavu, nzito, kila noti inasikika, na mle ndani mwa sauti palikuwa na nafasi ambayo ni kama mtu mwingine angeingia wakati wowote. Machozi yalinilengalenga, siwezi kukuficha. Miaka miwili natafuta, kumbe nilikuwa natafuta kwa kuongeza.

Nikamnyooshea gita. "Shika, nipigie wewe nisikie."

Alilitazama lile gita, kisha akatazama pembeni. "Siwezi," akasema.

Nikapika chai, nikaleta mkate na maji ya kunawa. Akanawa mkono mmoja. Akala kwa mkono mmoja. Hapo ndipo nilianza kuona. Tangu aingie, masaa mawili, ule mkono wa kushoto haukuwa umetoka kwenye mpini hata mara moja. Nikamuuliza mkono una nini, naye akaniambia bila kuzunguka, kama mtu aliyechoka kuficha.

Alikuwa na rafiki yake wa Katangi, Mwendwa, waliyepiga gita pamoja tangu sekondari. Ampu ilikuwa ya Mwendwa. Mama yake Mwendwa alimlea Musembi kwa chakula na kwa fimbo kama mtoto wake, na Musembi alimwita mwaitu, vile Mkamba anamwita mamake. Mwendwa akafa kwa ajali ya pikipiki. Jioni ya mazishi, watu wakila, Musembi aliingia chumbani kwa marehemu akabeba ampu akaenda nayo. Alijiambia Mwendwa angependa iwe kwake. Pengine ni kweli angependa, lakini mama hakuulizwa.

Mama aliuliza siku tatu ni nani amechukua, na hakuna aliyejibu. Siku ya nne akasimama mlangoni akasema aliyechukua kitu cha mwanawe, kitu hicho kisimtoke mkononi. Ukambani hiyo inaitwa kiumo, laana ya mzazi, na haimpati mtu baki, humpata mtoto. Wakati huo Musembi alikuwa Kithimani kwenye chumba alichopanga, anainua ampu aiweke mezani. Vidole havijafunguka tangu siku hiyo. Ilikuwa mwaka wa sita.

Wewe fikiria. Mpiga gita, na ni mkono wa kushoto, wa kubonyeza nyuzi. Amebeba ampu ya ndoto zake miaka sita na hajaipigia hata noti moja.

Nilicheka kwanza. Ndiyo, nilicheka. Kisha nikaleta sabuni, nikaleta mafuta ya kupikia, nikavuta kidole kimoja kimoja. Vilikuwa na moto kama sufuria. Nikachukua bisibisi nifungue skrubu za mpini, zikazunguka na kuzunguka kama kijiko kwenye uji, hazitoki. Nilipovuta kwa nguvu, vile vichupa ndani ya ampu vikawaka. Nikasema moyoni labda nimesahau kuzima. Nikatafuta waya wa stima niuchomoe, nikaukuta umelala kwa mapaja yangu, nilikuwa nimeuchomoa zamani. Hapo nikaacha kucheka.

"Pesa zako sitaki," Musembi akasema. "Nataka mtu twende naye Katangi."

Labda wewe huijui hii mila. Kiumo huendi kukiombea msamaha peke yako. Lazima uende na mtu wa kukusemea, asiye wa nyumba iliyokosewa, aseme huyu ni mtoto wako, amekosa, amerudi. Na anayekiondoa ni yule aliyekitoa, kwa kinywa chake, akiwa ameushika mkono wako. Haiwezekani kwa simu. Ndugu za Musembi walikataa, waliogopa kitawashika na wao. Ndiyo akaanza kuweka tangazo. Kila mnunuzi akifika hapo kwenye habari ya mkono, anakimbia.

"Mama yuko lakini?" nikauliza.

"Yuko. Amezeeka, anaumwa miguu, lakini yuko. Kioko, mdogo wake Mwendwa, huniambia. Anasema mwaitu mwenyewe ananingoja."

"Basi tutaenda," nikasema, na haki ya Mungu nilimaanisha. "Kesho niko kazini. Twende Jumamosi."

Akasema sawa. Alilala kwangu, maana kwingine hakuwa na pa kwenda. Jumatatu nilitoka kazini mbio kama kijana aliyeoa juzi. Kulikuwa na mtu nyumbani! Tukapiga tukiwa tumepunguza sauti, akinirekebisha, akinicheka. Jumanne tukavumbua kitu. Nilibonyeza nyuzi mimi, yeye akapiga kwa mkono wake wa kulia, watu wawili gita moja, tumebanana kama watoto kwenye dawati. Mwanzo tulikuwa tunagongana. Kufikia Alhamisi tulikuwa tunaenda pamoja bila kuangaliana. Alifunga macho akipiga. Sijawahi kuona mtu mwenye furaha namna ile, na sijawahi kuwa nayo mimi.

Mama Faith alikuja kugombana kuhusu kelele jioni moja. Akamwona Musembi, akatazama mkono, akatazama vile vifungo vya shati. "Na huyu mgeni wako haachi hiyo kitu?" akaniuliza polepole. Nikapunguza sauti. Alirudi kwake na hajawahi kuniletea kikaratasi tena.

Jumamosi ikafika nikamwambia tuna kontena la kushusha. Hakukuwa na kontena. Nikasema Jumatano nitaomba ruhusa. Sikuomba. Katangi ni mwendo wa saa chache tu, tena barabara ni nzuri. Kila asubuhi alikuwa ananiuliza, "Leo?" nami nasema kesho. Baadaye akaacha kuuliza, akawa ananitazama tu nikivaa viatu. Nilijua ninachofanya. Akifunguliwa mkono, ampu itabaki kwa mama na yeye ataenda zake. Mimi nitarudi kwenye hedifoni.

Jumamosi ya tatu niliamka mapema nikamkuta anavaa. Alikuwa anafunga vile vifungo vya mkono wa kushoto, kimoja baada ya kingine, kwa vidole vya mkono mmoja. Vilikuwa kumi na viwili. Kile cha juu begani kilimshinda mara nne, akawa anaanza tena bila kulalamika. Nikaona aibu mpaka masikio. Nikainuka nikamfungia. "Twende leo," nikasema. Aliketi kitandani akafunika uso kwa mkono wa kulia.

Tulifika Katangi saa nne. Kutoka sokoni ni kutembea, na nilijaribu kumpokea mzigo mara nyingi, lakini unampokeaje mtu kitu kisichokuwa na uzito kwako? Njiani nilikuwa narudia maneno yangu. Huyu ni mtoto wako, mama. Amekosa, amerudi. Musembi alinirekebisha Kikamba changu, tukacheka.

Tulipokata kona ya boma tukaona hema nyeupe na viti vya plastiki. Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye shamba la mbaazi. Kijana mwenye utepe wa zambarau kwenye shati akatukimbilia akitabasamu.

"Nyinyi ndio watu wa mitambo ya sauti?" akasema. "Tumewangoja. Iache hapo kando ya jenereta, kisha mje mkunywe chai kwanza."

Musembi alisimama tu. Kijana akanyoosha mkono amsaidie, akainua, akashangaa jinsi ilivyo nyepesi. Akavuta. Akavuta tena. Kisha akatazama vidole, tabasamu likamwishia, akarudi nyuma.

Nilikuwa nimeshaona picha iliyowekwa mezani mbele ya jeneza. Ilikuwa ya mama mzee mwenye kitambaa cha kichwa cha maua. Sikuhitaji kuuliza, lakini niliuliza. Kijana akasema ni mama ya Kioko, amefariki Ijumaa ya wiki iliyopita.

Nikahesabu, ingawa sikutaka kuhesabu. Kuanzia ile Jumapili aliyopanda ngazi zangu mpaka Ijumaa hiyo ni siku kumi na mbili.

Kioko akaja. Alimtambua Musembi kutoka mbali. Hakukuwa na ugomvi, laiti angetupiga. "Amekuwa akiuliza mpaka siku ya mwisho," akasema. "Kila jioni, Musembi hajaja na mtu? Nami nakupigia simu nakuuliza, nawe unaniambia umepata mtu, mnakuja kesho. Alipofariki sikuwa na moyo wa kukwambia kwa simu."

Kisha akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili, pale mbele za watu. "Mimi nimekusamehe," akasema. "Nyumba yote imekusamehe. Hebu fungua." Akaanza kulia. "Fungua, ndugu yangu. Jaribu."

Musembi alijaribu. Niliona mishipa ya shingo ikisimama. Waliokuwa karibu waliacha kuongea, mama mmoja akaanza kuomba. Vidole havikusogea.

Tulikaa mazishi yote. Ilipofika zamu yake ya kutupa mchanga, alichota kwa mkono wa kulia akatupa, akasema "Mwaitu" na hakuongeza neno. Baadaye akanijia. Nilikuwa nimejiandaa kwa tusi lolote, nililitaka.

"Asante kwa kunisindikiza," akasema.

Akaelekea barabara ya Kithimani. Nilimfuata, nikimwita arudi Mlolongo, nikisema tutatafuta wazee, tutatafuta dawa. Alisimama akanigeukia. Akaniambia nirudi nyumbani, na nisisahau gein iwe chini ya nusu. Alinitakia mema, unaelewa? Nikasimama hapo mpaka bega lile lililoshuka likapotea kwenye mwinuko.

Simu yake haipatikani. Tangazo liliondolewa. Jumapili zingine huwa naenda Kithimani nauliza. Mwenye kinyozi aliwahi kumwona mtu amebeba redio kubwa, muuza mahindi naye akasema hapana, ilikuwa begi. Ampu nilinunua hatimaye, dukani, mpya, na ninaweza kuiweka chini nikaondoka. Hakuna siku nimeiacha nikatoka nje bila kuchungulia kiganja changu. Nikiipiga, ile nafasi ya mtu wa pili iko, nami najua ni nani anayekosekana.

Watu hunionya juu ya majini na vitu vya kuokota. Onyo langu mimi ni lingine. Ukikutana na mtu amebeba kitu hawezi kukiacha, akakuomba umsindikize akamwone mzee fulani, mkweo, mamake, yeyote, vaa viatu. Usimkalishe kwako kwa sababu chai ni tamu na chumba kimepata sauti. Musembi aliiba ampu, akalipa miaka sita. Mimi nilimwibia siku kumi na mbili, na hakuna aliyenilaani. Aliyekuwa na haki ya kunilaani aliniambia asante.